Mchumba Wangu Alijua Sikuuza Zamu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kagongwa. Nilikuwa karani kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, karibu na Bulyanhulu. Mwenye karasha ni Mama Kulwa. Mfumo wa kompyuta wa kupanga foleni alitutengenezea Masanja, mchumba wangu, ambaye alishapeleka ng'ombe wa mahari kwetu.

Karashani zamu haina mchezo. Vumbi la mawe yaliyotangulia hubaki ndani ya mashine, hivyo anayesaga nyuma ya mwenye mawe mazuri huondoka na dhahabu ya mwenzake. Ukiruka foleni, umeiba.

Ndani ya mfumo, safu yenye namba za zamu Masanja aliiita "order", ili Mama Kulwa aone Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini asiiite zamu tu, maana neno "order" hifadhidata, yaani programu inayotunza orodha zetu, imeshalichukua, ni amri yake ya kupangia. Akacheka, akasema atalifunga kwa alama za kunukuu.

Lakini alama alizotia hazikuwa za aina inayotakiwa, zikaligeuza kuwa neno tupu, si jina la safu tena. Kompyuta haikugoma... ikatoa orodha bila kuipanga! Nikaisoma kwa sauti kama kawaida. Mjomba wangu, naye mchimbaji aliyeleta mawe siku hiyo, akaangukia nyuma ya mzee mwenye mawe bora kuliko wote.

Nani angeamini ni bahati? Wachimbaji walijaa mlangoni, na mlango ulikuwa mmoja, dirisha lina nondo. Mama Kulwa akaniuliza, "Mwanangu, mjomba wako kakupa nini?"

Nikamtazama Masanja. Alikuwa kwenye kompyuta, ameshaliona kosa, anabadilisha zile alama kimyakimya. Mama Kulwa alikuwa amemwahidi kazi ya kutengeneza mfumo wa karasha lake la pili.

"Mfumo uko sawa, mama," akasema. "Labda kakosea yeye kuingiza."

Nikasema kosa ni zile alama, lakini alishazirekebisha, hakuna aliyeniamini. Nilifukuzwa mbele ya watu, na mjomba akapigwa marufuku kusaga pale.

Nilipowaambia nyumbani simtaki tena, baba aliinamisha kichwa. Kaka yangu alishaoa kwa ng'ombe wale wale. Wa kurudisha tungewatoa wapi? Nikaolewa.

Mnaotengeneza mifumo, msiipe safu jina ambalo hifadhidata inalitumia, hata kama mnajua ujanja wa kulifunga. Nanyi mabinti, mkimwona mchumba anaficha kosa lake, ondokeni kabla mahari haijaliwa. Mimi nalala na mtu anayejua kuwa sikuiba, na mpaka leo hajamwambia yeyote.