Anna Apima Sauti ya Simu

Anna anaishi Goba, bondeni. Kila asubuhi hukanda unga, hukaanga maandazi na kuyauza barazani kwake. Simu yake hukaa kwenye mfuko wa aproni. Ikiita, huipokea kwa mkono uleule anaokandia.

Mumewe, Venance, ni fundi wa milango. Mama yake Venance, Bibi Demetria, anaishi kijijini, wilaya ya Masasi. Macho yake yana ukungu, na watu huwaona kama vivuli. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba ataona tena akifanyiwa upasuaji. Hospitali moja jijini ikampangia siku: Alhamisi.

Kumtumia meseji hakukufaa. Bibi hawezi kuisoma, na mwenye duka anayemsomea huitangaza kijiji kizima. Kwa hiyo Jumapili jioni Anna alipiga simu.

"Mama, upande basi la Jumanne. Venance atakupokea stendi ya Mbagala."

"Ndiyo, mwanangu."

"Uje na kitambulisho."

"Nimesikia, mwanangu. Asante."

Anna akakata simu, akarudi kwenye mboga zake.

Jumanne Venance alisimama stendi mpaka basi la mwisho la Masasi likamaliza kushusha abiria. Mama yake hakuwemo. Akampigia.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo nyumbani, nabangua korosho. Kwani kuna nini?"

"Anna hakukwambia uje leo?"

"Aliongea mengi, baba. Lakini sauti ilikuja vipande vipande, kama mtu aliye ndani ya mtungi. Sikupata kitu."

"Sasa mbona uliitikia ndiyo?"

"Mkwe wangu kanipigia kwa heshima zake. Nimwambie rudia, rudia, kama nimemchoka?"

Alhamisi ikapita. Kitanda akapewa mgonjwa mwingine. Muuguzi alimwambia Anna nafasi ya mwisho ilikuwa baada ya wiki tano. Baada ya hapo madaktari wa macho waliokuja kwa muda wangehamia mkoa mwingine, na Bibi angesubiri mpaka mwakani.

"Mtandao mbovu," Anna alisema nyumbani.

"Au mpigaji mbovu," Venance akajibu.

"Tazama mwenyewe. Vistari vinne, vimejaa. Ulitaka nipande juu ya bati?"

Asubuhi iliyofuata alikuja Najat kununua maandazi. Najat ni binti wa Mzee Mwinshehe, jirani yao wa kule juu kilimani. Kazi yake ni kuzunguka mjini na gari lenye simu nyingi, akipima sauti za mitandao. Anna alimweleza yaliyotokea.

"Vistari vinaonyesha mawimbi ya mnara yanakufikia kwa nguvu gani," Najat alisema. "Havionyeshi sauti inafika safi kiasi gani. Maji ya bomba yanaweza kutoka kwa nguvu, na bado yakawa na tope."

"Sasa nyie mnapimaje?"

"Simu moja inaipigia nyingine, inacheza sentensi tulizorekodi. Kompyuta inalinganisha sauti iliyotoka na sauti iliyofika, halafu inatoa alama. Tano ni safi kabisa, moja haifai. Kuna wakati tunatumia watu. Wanakaa chumba kimya, wanasikiliza, kila mmoja anatoa alama yake, tunachukua wastani."

"Kumbe rahisi. Mama atanipa alama."

Anna akapiga palepale, akaweka spika.

"Mama, shikamoo. Kati ya moja na tano, unanisikia kwa ngapi?"

"Tano, mwanangu."

"Muulize umesema nini," Najat alinong'ona.

Anna alisita. Tangu aolewe hajawahi kumuuliza mama mkwe swali la namna hiyo. "Mama, nimesema nini?"

"Si umenisalimia?"

Najat alitikisa kichwa. "Hizo ni alama za heshima, dada Anna. Hazipimi kitu."

"Sasa nimfanyie mama mtihani, kama mtoto wa darasa la pili?"

"Unapima simu, humpimi yeye. Mwambie hivyo. Kisha mpe sentensi asizoweza kubahatisha, akurudishie neno kwa neno. Ukimwambia habari za nyumbani, nusu atajaza mwenyewe."

Wakapanda pamoja mpaka kwa Mzee Mwinshehe. Kutoka kule, kwa simu ya Najat, Anna alimweleza Bibi kila kitu. Bibi alicheka.

"Kwa hiyo nikisema sijasikia, hutakasirika?"

"Nitakasirika ukinidanganya, mama."

"Haya. Tuanze lini?"

Walianza Jumamosi asubuhi. Najat alitoa sharti moja: wabadilishe kitu kimoja tu kila mara, ndipo wajue kosa liko wapi. Anna alikaa sebuleni na simu yake.

"Jogoo mwekundu amelala juu ya friji."

"Sijasikia," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa ya aibu.

"Mbuzi wa padri amekula soksi yangu."

"Nimepata mbuzi tu."

Kati ya sentensi tano, Bibi alirudisha moja. Anna akatoka barazani na simu ileile. Zikawa mbili. Kisha akahamishia laini yake kwenye simu ya Venance, palepale barazani, akasema sentensi nyingine tano. Bibi akazirudisha zote.

"Laini haina kosa," Najat alisema. "Baraza nalo halina kosa. Lete simu yako."

Akavua kava. Upande wa chini, kava lilikuwa limefunika tundu dogo la kuingizia sauti. Na tundu lenyewe lilikuwa limejaa unga uliokauka.

"Dada Anna, humu tungepata andazi zima."

"Nilisema mie," Venance akadakia. "Mpigaji mbovu."

"Wewe nyamaza, umekula maandazi hayohayo miaka kumi."

Najat alisafisha tundu taratibu kwa mswaki laini, mkavu. Alikataza sindano, kwa sababu hutoboa kilichomo ndani. Alikataza maji pia. Walipopima tena bila kava, barazani zilikuwa tano, sebuleni nne. Kuta hupunguza kidogo.

Lakini saa moja jioni Anna alipima tena, na sentensi zilizofika zilikuwa mbili tu. Akajaribu simu ya Venance. Mbili vilevile.

"Saa hiyo watu wengi wanapiga, huenda mnara unazidiwa," Najat alimwambia. "Hilo ni la kampuni. Wapigie huduma kwa wateja. Ila usiwaambie mtandao mbovu, hilo wanaambiwa na kila mtu. Taja mahali, tarehe, saa, namba uliyopiga, na sauti ilivyokuwa: ilikatika, ilichelewa au ilirudi kama mwangwi. Na usikate simu bila namba ya malalamiko. Wakikaa kimya, unaipeleka kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano."

Anna alipima jioni nne, akaandika yote kwenye daftari. Kisha akapiga. Mhudumu alianza kumwambia azime simu na kuiwasha.

"Nimeshazima na kuwasha, kaka. Nina daftari hapa. Uko tayari kuandika?"

Mhudumu akaandika.

Wiki ya tatu mafundi wa kampuni walionekana juu ya mnara wa mtaani. Jioni ile sentensi nne kati ya tano zilifika.

Hata hivyo, kwa jambo la hospitali Anna hakungoja jioni. Jumapili kabla ya safari alipiga saa mbili asubuhi, akiwa barazani, ameshanawa mikono.

"Mama, basi ni la Jumanne asubuhi. Venance atakuwa stendi ya Mbagala. Uje na kitambulisho, na dawa zako za presha uzibebe mkononi, usiziweke kwenye buti la basi."

"Anna."

"Abee, mama."

"Hapo mwisho pikipiki imepita. Sijasikia. Rudia."

Anna akarudia, polepole. Bibi akamrudishia yote, jambo moja baada ya jingine: Jumanne, asubuhi, Mbagala, kitambulisho, dawa mkononi.

Jumanne Bibi Demetria alishuka kwenye basi, dawa zake kiganjani. Alhamisi akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Siku ya pili muuguzi alimwondolea bandeji, Anna na Venance wakiwa pembeni ya kitanda. Bibi alipepesa macho. Akamtazama Anna kwa muda, akamgusa shavu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Venance, wewe umeota mvi lini?"