Mkono Begani mwa Wamucii

"Gathoni, huyu ako nyuma yangu ni nani?" Wamucii aliuliza.

Gathoni aligeuka. Msafara wa wasioona ulikuwa umesimama karibu na ngao za ngozi, kila mmoja mkono wake begani mwa aliye mbele, kama walivyozoea kutembea ndani ya makumbusho ile ndogo ya Nyeri. Wamucii alikuwa wa mwisho. Nyuma yake palikuwa na ukuta na dirisha, basi.

"Hakuna mtu. Wewe ndiye mkia," Gathoni akamtania, na wenzake wakacheka. Wamucii hakucheka.

Gathoni na Wamucii walikuwa dada wa tumbo moja. Surua ilimpofusha Wamucii akiwa mdogo, na Gathoni alipopata kazi ya kuongoza wageni hapo, miaka michache baada ya Uhuru, alimsumbua mkubwa wake wa kazi mpaka akakubali vitu vitolewe kwenye kabati za kioo ili wasioona nao wavione kwa vidole. Wazo lilikuwa zuri, wala hakuna anayelikana. Ila Gathoni alikuwa na tabia moja: jambo jema halikumtosha mpaka aliongezee chumvi. Siku hiyo alikuwa amepata muratina kwa jirani huko Gatitu, ile pombe ya asali ya wazee, akaijaza kwenye pembe ya kunywea ya mzee fulani aliyekufa zamani, kisha akaiweka mbele ya kigoda cha mzee huyohuyo. Alitaka wageni wainuse. Mtu aliyelelewa misheni angejuaje kwamba ukimjazia mzee pembe na kuiweka mbele ya kiti chake, umemkaribisha?

Walipofika kwenye kigoda, pembe ilikuwa tupu.

"Ireri, ni wewe umekunywa?" Gathoni aliuliza. Ireri alikuwa mtu wa Embu, mpokea simu hospitalini, na kwa mizaha hakuwa na mpinzani.

"Ati mimi? Niko hapa mbele ya Wamucii tangu tuingie. Muulize!"

Akanyoosha mkono nyuma ampige Wamucii begani awe shahidi wake. Mkono ukasita. Vidole vyake vikaanza kutembea polepole juu ya bega lile, vikizunguka kitu ambacho Gathoni hakukiona.

"Wamucii," Ireri alinong'ona, "mikono yako iko wapi?"

"Moja iko kwa bega yako. Ingine nimeshika sweta."

"Basi hii ni ya nani? Iko na kucha ndefu. Ni baridi. Gathoni, hii ni mkono ya mtu mzee."

Gathoni alitazama. Vidole vya Ireri vilielea hewani, juu kidogo ya sweta, na chini yao sufu ilikuwa imebonyea.

Ziara iliishia hapo. Lakini mkono ule ulikwenda na Wamucii nyumbani. Ulikaa naye mezani, ukaenda naye kanisani, na popote alipokaa palinuka pombe na ngozi ya kondoo iliyonyeshewa. Kisha akaanza kuinuka, mchana kweupe, akiwa katikati ya kuambua maharagwe, akaacha ungo chini na kuondoka bila fimbo yake, akipita lango, akipita mashamba ya kahawa, akiteremka kuelekea bondeni kusiko na njia, na mara ya mwisho Gathoni alimkuta kwenye ukingo wa machimbo ya mawe, mguu mmoja tayari uko hewani, uso wake umetulia, akamvuta, wote wawili wakaanguka kwenye vumbi.

"Anasema jua linazama," Wamucii alisema huku akilia. "Anasema nimpeleke kwake. Gathoni, usiniache. Siku moja hutanifikia."

Gathoni alilia pia. Kosa lilikuwa lake, naye alilijua.

Akamwendea Theuri, mzee aliyekuwa mganga kabla ya kubatizwa, ambaye sasa aliuza ugoro sokoni na hakupenda kukumbushwa mambo ya zamani. Theuri alisikiliza, kisha akafunga kopo lake.

"Mzee akishakunywa, msichana wa hiyo nyumba humsindikiza," alisema kwa sauti ya chini. "Ndio heshima. Nyinyi mumemualika, amekunywa, hakuna mtu amempeleka. Sasa amejichagulia msichana mwenyewe."

"Kwake ni wapi?"

"Zamani hatukuwa tunazika kila mtu. Wengine walikuwa wanapelekwa msituni, fisi wanamaliza."

Alasiri moja, makumbusho ikiwa imefungwa, Theuri aliwasimamisha ndugu hao mbele ya kigoda. Akainamisha pembe mdomo chini, akanyunyiza taka za tumbo la mbuzi sakafuni kupatakasa, akamwambia mgeni asiyeonekana kwamba pombe imeisha.

"Gathoni, mwenye macho akimtazama mzee, haachilii bega. Jifunge kitambaa. Mimi pia nafumba. Shika mkono ya dada yako mtoke nje, usiongee, usigeuke. Mzee anabaki na mimi."

Gathoni alijifunga. Akanyoosha mkono gizani, ukashikwa. Akatembea akipapasa kwa mguu, akihesabia moyoni ile kabati, ule mtungi, kile kizingiti, mpaka hewa baridi ya mlimani ikampiga usoni na nyasi zikamgusa vifundo, na nyuma yake akasikia mlango ukifungwa na komeo likiingia. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kupumua. Akaubana mkono wa ndugu yake, nao ukambana.

Ndipo mlango ulipogongwa kutoka ndani.

"Gathoni! Bega yangu imekuwa nyepesi! Ameenda!" Ilikuwa sauti ya Wamucii, inacheka na kulia. "Gathoni? Mbona hukunishika? Uko wapi?"

Gathoni akainua mkono uliobaki huru ili avue kitambaa. Vidole vyenye kucha ndefu viliushika mkono huo pia, kwa upole, vikaushusha, na ardhi chini ya miguu yake ikaanza kuteremka kuelekea bondeni.