Pazia la Kiangazi

Jorunn alikuwa akishona kitambaa cha pili nyuma ya pazia jeusi. Sindano ilipita kwa shida. Pazia lenyewe lilikuwa nene tangu zamani, na sasa alikuwa akiliongezea unene. Kila baada ya mishono michache alisimama, akanyoosha vidole, kisha akaendelea.

Lilikuwa pazia la chumba cha binti yake, Tiril, mwenye miaka kumi. Kila nyumba ya Hamnvika, kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa Norwe, ina pazia la namna hiyo. Kiangazi jua halizami, usiku na mchana, na bila pazia jeusi mtoto hapati usingizi. Lakini huu haukuwa wakati wa kiangazi. Ulikuwa mwisho wa Novemba. Jua lilikuwa limekwisha kujificha nyuma ya milima ya kusini, na halingeonekana tena mpaka mwisho wa Januari.

"Nje hakuna jua," Jorunn alijiambia. "Basi angalau chumba kiwe na joto na utulivu, kama kiota."

"Mama, bado tu?" Sauti ilitoka chini ya blanketi.

"Bado kidogo, mwanangu."

"Fanya haraka. Hako kamwanga ka dirishani kananiudhi."

Jorunn alitazama kitanda. Nywele tu ndizo zilizoonekana. Chini ya kitanda, tarumbeta ilikuwa ndani ya sanduku lake, na juu ya sanduku palikuwa na vumbi.

"Leo hupigi tarumbeta hata kidogo? Siku ya Jua haiko mbali."

"Sitaki. Wampe Marte wa darasani kwetu nafasi yangu. Yule anacheka kutwa kama mbuzi, atafaa."

Jorunn alivuta uzi. Siku ya Jua ni siku ile jua linapochungulia tena juu ya mlima. Kijiji kizima hutoka nje, watu hula maandazi ya jamu, na bendi ya watoto wa shule hupiga uwanjani. Mwaka juzi Tiril aliamka kabla ya wote, akavaa sare ya bendi juu ya nguo za kulalia. Mwaka jana alikwenda, lakini kwa kuvutwa. Mwaka huu hataki hata kusikia.

Jorunn alikata uzi kwa meno. Aliogopa. Alikuwa akimwona mtoto wake akififia, na hakujua afanye nini.

Nyumba hiyo ndimo alimozaliwa Jorunn. Marehemu baba yake, Hilmar, aliijenga kwa mbao alizozileta kwa mashua. Enzi zake, katika nyumba hii, wakati wa giza, hapakuwa na mtoto wa kulala mchana. Ilipokaribia saa sita, Hilmar aligonga meza kwa kijiko.

"Nje! Nje wote! Mwanga haungoji mtu!"

"Mwanga gani, Baba?" ndugu zake Jorunn walilalamika. "Jua halipo!"

"Nani kataja jua? Nimesema mwanga. Vaa kofia, wewe mbishi."

Wakatoka, huku wakinung'unika. Mbingu ya kusini ilikuwa ya waridi, theluji ilikuwa ya buluu, na bahari ilikuwa nyeusi. Hilmar aliwapa makoleo. Kila mwaka walichonga benchi la theluji nyuma ya nyumba, likielekea kusini, pale jua litakapotokea. Walilichonga polepole, kidogo kila siku. Mvua ikilibomoa, walianza upya. Siku ya Jua ilipofika walitandika ngozi za kondoo juu yake, wakaketi kwa kubanana, vikombe vya kakao mkononi. Hilmar alivua kofia jua lilipomgusa usoni.

Jorunn alikumbuka harufu ya ngozi zile zilizolowa. Alikumbuka bega la baba yake. Siku hizo alidhani ni ukaidi wa mzee tu. Alipokufa Hilmar, hakuna aliyechonga benchi tena.

Jumamosi iliyofuata, mchana, jirani yao Gudveig alikuja kurudisha sufuria ya kuchemshia samaki. Gudveig alikuwa muuguzi wa shule. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kupita ukuta.

Jorunn alikuwa amewasha mishumaa sebuleni. Mapazia yote yalikuwa chini. Mumewe, Eilif, mvuvi, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi.

"Poleni," Gudveig alisema mlangoni.

"Pole ya nini?" Eilif aliuliza.

"Nilidhani mmefiwa. Mishumaa, giza, mtu kalala chali. Nimebaki kutafuta jeneza tu."

Eilif alicheka. "Haya, mwendawazimu wewe, ingia ufunge mlango. Wakati wa giza ndiyo raha yake hii."

"Raha yako wewe dubu. Tiril yuko wapi?"

"Amelala," alisema Jorunn.

"Saa hizi? Anaumwa?"

Jorunn aliweka sufuria mezani. Alitaka kusema hapana. Lakini machozi yalimtangulia. Alieleza yote. Tiril anarudi kutoka shuleni na kuingia kitandani moja kwa moja. Siku za mapumziko anaamka mchana umeshakwisha. Anataka mkate na peremende tu. Analia kwa sababu ya glavu kupotea. Rafiki zake wameacha kubisha hodi.

"Utoto huo," alisema Eilif. "Sisi sote tunachoka majira haya. Mimi nipo hai, au siyo?"

"Kuchoka kidogo ni kwa wote, kweli," alisema Gudveig. "Lakini mtoto akiacha alichokipenda, akajitenga na wenzake, na hali hiyo ikaendelea wiki baada ya wiki, hapo si uvivu wala utundu. Naweza kumwona?"

Gudveig aliingia chumbani akaketi sakafuni, karibu na kitanda. Hakuwasha taa.

"Tiril, ni mimi Gudveig. Sijaja na sindano."

Blanketi lilitikisika.

"Nataka kuuliza tu. Ukiamka asubuhi unajisikiaje?"

"Mzito," Tiril alisema. "Kama nimevaa nguo zilizolowa. Nikicheka, najilazimisha. Mama anadhani nimemkasirikia."

"Umemkasirikia?"

"Hapana."

"Kuna wakati unatamani usiwepo, au kujiumiza?"

Mlangoni, Jorunn alishika fremu.

"Hapana," alisema Tiril. "Natamani tu kulala mpaka Siku ya Jua."

"Asante kwa kuniambia. Hili halikuanza kwako, wala si kosa lako. Huwapata wengi, wakubwa kwa watoto. Na lina msaada."

Kisha Gudveig alisimama, akalipapasa pazia.

"Jorunn, hili si pazia la Juni?"

"Ndilo. Nimeliongezea kitambaa. Nje ni giza, nikaona..."

Gudveig alilivuta pazia. Mwanga ukamwagika chumbani. Haukuwa mkali. Ulikuwa wa buluu, na pembezoni wa waridi. Tiril alijifunika uso.

"Jua limekwenda, mwanga haujaenda," alisema Gudveig. "Tunao kwa saa chache, katikati ya mchana. Mwili una saa yake ya ndani. Mwanga ukiingia machoni, saa hiyo inajua kumekucha. Ukikosa mwanga, mwili unaona ni usiku usiokwisha, na moyo nao unalala. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, ni mwingi kuliko wa taa zetu za sebuleni. Mishumaa ni mizuri, lakini iwe ya jioni."

Jorunn aliona haya. "Nimemfungia gizani kwa mikono yangu."

"Umemtengenezea kiota kwa sababu unampenda. Sasa tukifungue tu."

Jumatatu walikwenda kwa daktari. Alimpima Tiril damu, kwa kuwa uchovu unaweza kuletwa na mambo mengine, kama upungufu wa damu. Alimpima macho pia. Kisha akawaazima taa maalumu yenye mwanga mkali, akawaonya wasinunue na kutumia yoyote bila kuuliza.

"Iweke pembeni ya meza wakati wa kifungua kinywa," alisema. "Asiikodolee macho. Ale, asome, mwanga umfikie tu. Iwe asubuhi. Ukiwasha usiku utamharibia usingizi. Na aamke wakati uleule kila siku, hata Jumamosi. Simu na skrini ziwekwe kando kabla ya kulala. Mafuta ya ini la samaki mnampa?"

"Tulikuwa tunampa," alisema Eilif. "Alianza kuyatema, tukaacha."

"Yarudisheni. Hayaleti furaha kwa siku moja, lakini mwili usiopata jua unayahitaji. Nataka kumwona tena baada ya wiki mbili. Akikataa kula kabisa, au akianza kusema hataki kuishi, msingoje hata siku moja. Nipigieni."

Shuleni, Gudveig alizungumza na mwalimu. Tiril asibaki darasani wakati wa mapumziko ya mchana.

Mambo hayakubadilika mara moja. Asubuhi Tiril alikula akiwa amefumba macho, kwa makusudi. Mafuta ya samaki yalipoletwa alikunja uso.

"Yananuka kama buti za Baba."

"Buti zangu zinanuka pesa," alisema Eilif. "Kunywa."

Lakini kutoka nje siku za mapumziko kulimshinda. Jorunn aliamuru, akabembeleza, akaamuru tena. Tiril alilia. Siku moja Jorunn aliacha kusema. Saa sita ilipokaribia, alikwenda bandani, akachukua koleo la baba yake. Mpini ulikuwa umechakaa pale mikono ya mzee iliposhika. Akaenda nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la Tiril, akaanza kuchonga theluji peke yake.

Alikuwa amesahau namna ya kuchonga. Alipiga, theluji ikaporomoka. Alianza upya. Dirisha sasa halikufunikwa na pazia. Hatimaye uso mdogo ulitokea kiooni. Dirisha likafunguliwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Benchi la babu yako."

"Limepinda!"

"Najua limepinda."

"Linafanana na ng'ombe aliyelala."

"Basi njoo umwamshe."

Dirisha lilifungwa. Jorunn aliendelea kupiga koleo, bila kugeuka. Alisikia mlango wa nyuma, kisha hatua kwenye theluji. Tiril alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia.

"Nipe hilo koleo," alisema. "Utatuaibisha."

Siku hiyo walifanya kazi mpaka mbingu ya kusini ilipoanza kuzimika. Walizungumza kidogo tu. Jorunn alimsimulia habari za Hilmar na kijiko chake.

Kabla ya Krismasi ilikuja mvua kutoka baharini, ikaliyeyusha benchi lote. Tiril alirudi kitandani, akageukia ukuta. Jorunn hakumkaripia. Aliketi karibu naye, akamwachia nafasi ya kulia. Kesho yake mchana, Eilif ndiye aliyegonga meza kwa kijiko.

"Nje! Mwanga haungoji mtu!"

"Baba, wewe nawe!" Tiril alisema. Lakini alikwenda kutafuta kofia.

Wakaanza upya, watu watatu. Januari ilipoingia, Tiril aliamka mara kadhaa bila kuitwa. Alikula samaki. Palikuwa na siku mbaya bado, lakini siku mbaya haikuvuta nyingine. Marte alibisha hodi kuuliza kama benchi lina nafasi ya mtu wa tano.

"Sisi tupo watatu," alisema Tiril. "Hesabu gani hiyo?"

"Babu yako, je? Na mimi?"

Tiril alifikiri, kisha akamkabidhi koleo.

Jioni moja Jorunn alilikunja pazia jeusi. Alifumua kwanza kitambaa alichokuwa ameongeza, mshono kwa mshono. Akalitia ndani ya kasha, lingoje mwanga wa Mei.

Siku moja kabla ya Siku ya Jua, wote walikuwa nyuma ya nyumba. Mlima wa kusini ulikuwa na ukingo wa dhahabu. Benchi lilikuwa refu sasa, na halikupinda sana. Tiril alikuwa akichonga egemeo la upande wa kulia, pale Hilmar alipokuwa akiketi.

"Babu alikuwa mpana?" aliuliza.

"Kama mlango," alisema Jorunn.

"Basi bado sana."

Mwanga ulianza kupungua. Tiril alichomeka koleo kwenye theluji, akaingia ndani. Alirudi na tarumbeta. Kipande cha mdomoni alikuwa amekificha kwapani, kwa sababu chuma cha baridi hung'ata midomo. Aliketi kwenye benchi, akapuliza. Sauti ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ilipanda, ikavuka bahari nyeusi, ikagonga mlima ikarudi.

Jorunn alivua kofia, kama alivyofanya baba yake.

"Egemeo halijaisha," alisema Eilif. "Tumalizie?"

"Hatuoni tena, Baba," alisema Tiril. "Kesho asubuhi. Mimi ndiye nitakayewaamsha."

Waliingia ndani kuwasha mishumaa. Koleo la Hilmar lilibaki nje, limesimama pale pale Tiril alipoishia.