Mnara Uliohama Upande

Kisiki hakipigi honi. Boti ilikuwa ikikata maji vizuri, mvua ikiwachapa mgongoni, mara ikainua pua, ikalala ubavu na kuwamwaga wote wawili kinamasini kama makombo ya sahani.

Mpiga picha aliibuka wa kwanza, mfuko wa kamera ukiwa juu ya kichwa. Ndiyo, mfuko kwanza, pumzi baadaye. Shemeji yake aliibuka mbele kidogo akitema matope, na maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu.

"Pangaboi la injini limenipitia," alisema. "Mguu."

Injini ilikwisha kuzama. Boti nayo, chini juu, ilikuwa ikienda zake na upepo bila kuaga. Mpiga picha alimburuta shemeji yake hadi kwenye matete yaliyolala, akatazama. Shavu la mguu lilikuwa limefunguka kama begi lenye zipu mbovu. Akachomoa mkanda wa kamera, akafunga juu ya jeraha.

"Kaza, shemeji," majeruhi alisema. "Mimi si ndege, sivunjiki bawa."

Shemeji huyu alikuwa fundi wa friji, na katika ndege wote alimjua kuku tu. Alikuja kwa sababu mkewe, ambaye ni dada wa mpiga picha, alimwamuru: "Nenda naye. Huyo akifia huko peke yake, sisi tutajua mwezi ujao." Dada hakutia chumvi. Mdogo wake aliishi katika chumba kimoja juu ya duka, pazia limefungwa mchana ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri. Humo alikuwa akikaa na ndege mmoja hata siku tatu, anamkoleza mawingu, anamfutia nyaya za umeme, anamfutia nguzo, boti na watu, mpaka ndege anabaki peke yake angani. Picha zake zilisifiwa sana. Yeye mwenyewe, hakuna aliyemuuliza kama amekula.

"Kituo cha walinzi kiko wapi?" shemeji aliuliza.

Matete yalikuwa marefu kuliko mtu. Kilichoonekana juu yake ni kilima chenye nundu mbili tu. Walikuwa wameingia kwa mifereji inayopindapinda kama utumbo, na sasa hata njia waliyojia hawakuijua. Mpiga picha akatoa simu mfukoni mwa kamera. Mtandao haukuwepo, lakini picha yake maarufu ilikuwepo: ndege mwari watatu wanaruka, nyuma yao kilima kilekile, na pembeni mnara wa kituo, ulioponea kufutwa kwa kuwa mdogo kama kijiti cha kiberiti.

"Mkono wa kulia wa kilima."

"Una uhakika?"

"Nimepiga mwenyewe."

Wakashika kulia. Mpiga picha alimwegemeza shemeji begani, mguu mmoja ukitembea, mwingine ukifuata kwa hisani. Matete yaliwachana mikono. Kiu ilipowabana, walichuja maji kwa shati na kunywa yaliyokuwa na ladha ya kutu. Mvua ilikatika, jua likatoka kuwapika, nzi wakapata habari za jeraha na kuja na jamaa zao wote. Maji yalifika magotini, kiunoni, kisha kifuani. Mahali fulani karibu, kiboko alikoroma.

"Shemeji," fundi alisema, midomo imepauka. "Ukielekea nchi kavu, maji huwa yanapungua. Au usanii una sheria zake?"

Mpiga picha akatoa simu tena. Safari hii aliikuza picha kwa vidole, akaufuata mnara mpaka ukutani kwake, penye namba mbili iliyopakwa rangi nyeupe. Ile mbili ilikuwa imegeuka, kama inavyoonekana kwenye kioo.

Akaishusha simu.

Alikumbuka. Wale mwari walikuwa wakiruka kwenda kushoto. Yeye aliona wangependeza zaidi wakielekea kulia, akaigeuza picha kwa kubonyeza mara moja. Ndege wakageuka, kilima kikageuka, mnara ukahamia ng'ambo. Kilima chenye nundu mbili kina ubaya mmoja: ukikigeuza hakisemi. Kisha akaitundika ukutani, akaitazama mwaka mzima, mpaka jicho lake likaamini uongo wa mkono wake.

"Mnara uko kushoto."

"Umehama?"

"Niliigeuza picha. Ili ndege waelekee kulia."

Fundi akauliza: "Na wenyewe walikuwa wanaelekea wapi?"

"Kushoto."

"Basi kumbe wao walijua njia."

Walirudi hadi penye tuta la matete makavu, na hapo mguu mzima nao ukagoma. Shemeji alikuwa akitetemeka juani.

"Niache hapa. Huo mfuko uweke chini ya mguu, uuinue. Leo kamera yako ibebe mtu." Akajaribu kucheka. "Na uwahi. Nikifa, dada yako ataniua."

Mpiga picha aliondoka na fleshi ya kamera tu, akiwaza kwamba huenda ingemfaa gizani. Kila alipopita alivunja matete, ili njia ya kurudi isipotee. Mwanzoni alimsikia shemeji yake akiimba kwa sauti mbovu, makusudi, apate kumsikia. Wimbo ukafifia. Halafu ukakoma, na hakujua kama ni umbali au ni jambo jingine.

Alidhani upweke anaujua, ameishi nao. Lakini upweke wa chumbani una mlango. Huu ulikuwa matete mbele, matete nyuma, na moyo unaogonga bila wa kuufungulia. Alijikuta akisema kwa sauti, "Shemeji, angalia hapa kuna shimo," na hakukuwa na shemeji.

Jua lilikuwa linazama alipotokea kwenye maji wazi. Mnara ule pale, ng'ambo ya tope lisilo na chini. Aliita. Upepo ulikuwa unamvumia usoni, ukamrudishia sauti yake. Akaielekeza fleshi mnarani, akabonyeza kitufe. Mwanga ukapiga. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Kando yake miti mikavu ilikuwa imejaa ndege waliotua kulala, maelfu. Maisha yake yote hakuwahi kumulika ndege aliyelala; waliofanya hivyo aliwaita majambazi. Aliwageuzia fleshi, akabonyeza.

Anga ikapasuka. Waliinuka wote kwa pamoja, weupe juu ya wekundu wa jua, wakajikunja, wakajikunjua, wakapita juu yake mpaka nywele zikasimama kwa upepo wa mbawa. Hakuwahi kuona mruko kama ule, na mikono yake haikuwa na kamera. Alisimama akibonyeza mwanga usiopiga picha, akilia.

Mlinzi hakuwa ameona fleshi. Aliona ndege.

"Saa hizi hawaruki bure," alisema alipofika na kumvuta botini mwake. "Uko peke yako?"

"Tuko wawili. Twende, tafadhali."

Walifuata matete yaliyovunjika, tochi ikitangulia. Aliita, hakujibiwa. Aliita tena. Mlinzi akazima injini ili wasikie.

"Punguzeni kelele," sauti ikatoka gizani, nyembamba kama uzi. "Kuna mgonjwa."

Walimlaza botini, kichwa mapajani pa mpiga picha. Alikuwa anachemka kama pasi.

"Mwongeleshe," mlinzi alisema, akiwasha injini. "Asilale mpaka tufike kwa daktari."

Mpiga picha hakuwa mtu wa maneno.

"Niliwasikia wakiruka," shemeji alisema, macho yakifumba. "Umewapiga?"

"Hapana."

"Walikuwaje?"

Akamshika mkono, akaanza kumwambia. Alianza na yule wa kwanza kuinuka, aliyekuwa tawi la chini, jinsi alivyojikwaa hewani kidogo kabla ya kujishika. Alipokwama akitafuta neno, mkono ule ulimfinya.

"Endelea."

Akaendelea.