Mkate wa Elyor

Maiti ya Bibi Sabohat ilikutwa saa kumi alasiri, sakafuni jikoni, damu imeganda kisogoni. Aliyeikuta ni binti yake, Mastura, na yowe alilopiga lilileta mtaa mzima uani. Elyor naye alikuja. Asingekuja, angeulizwa mbona hakuja.

Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa anaogopa. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu atoke shule ya maadilisho, alikokaa mwaka na nusu kwa kuiba hereni za dhahabu za huyuhuyu bibi. Sasa alikuwa akichonga milango kwa Fundi Sodiki, na majirani ndiyo kwanza wameanza kumwitikia salamu. Kosa moja tu, angerudishwa. Msimcheke. Asiyeogopa polisi ni yule ambaye hajawahi kulala kwao.

Inspekta Turobov, mtu mnene mwenye kikohozi, alizunguka jikoni bila kugusa kitu. Kigoda kilikuwa kimepinduka. Mlango haukuvunjwa.

"Leo alikuwa na nani?"

"Na mkwewe, Rauf," jirani alidakia. "Waligombana asubuhi. Rauf anataka bibi ahamie kwao ghorofani, bibi hataki. Sote tumemsikia: 'Nitakutoa humu hata kwa kukubeba!'"

Rauf alifungwa pingu mbele ya wanawe. Elyor akatazama pembeni.

Turobov aliinua macho ukutani, juu ya kigoda. "Msumari huu ulikuwa na nini?"

"Mkate," Mastura alisema huku akifuta machozi. "Wa yule mwizi wa hereni. Siku anachukuliwa hakuwa na mama wa kumng'atisha mkate wa safari. Basi mama akatoka na wake mpaka kwenye gari la polisi. 'Ng'ata,' akamwambia, 'utarudi uumalize.' Akautundika hapo umngoje. Nilimgombeza, akanuna siku mbili. Jana ulikuwepo hapo."

Mkate ulioachwa na msafiri haumalizwi na mtu mwingine. Hata mwenye njaa haugusi. Sakafuni palikuwa na makombo machache, basi.

Turobov aligeuka taratibu. Elyor alikuwa amebakisha hatua moja kulifikia lango.

*

"Mkate uko wapi?" Turobov aliuliza kituoni.

"Nimeula, afande."

"Lini?"

"Leo. Kwa fundi. Niliuloweka kwenye chai."

"Nani alikupa?"

Uongo ulikuja wenyewe mdomoni: bibi alinipa jana jioni, mlangoni. Nani angebisha? Lakini chumba cha pili Rauf alikuwa analia, kilio cha mtu mzima asiyezoea kulia, na Elyor alikijua chumba kile. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka hereni mbili mezani.

Turobov alizitazama. Hakuzigusa.

"Nilikuwa nimezifukia. Hamkuzipata," Elyor alisema. "Saa saba mchana bibi huwa analala. Nikaruka ukuta, niziweke nitoke zangu. Nikamkuta macho. Nikajua atapiga kelele. Akaniambia, 'Wiki tatu nakusubiri, mtoto gani wewe? Kaa.' Akapanda kigoda auteremshe mkate. Nikasema, bibi, acha, napanda mimi. Akasema mkate hauteremshwi na aliyeung'ata. Mguu ukamteleza, akaangukia kisogo."

"Ukakimbia na hereni."

"Nilizisahau mfukoni."

"Mkate hukuusahau."

"Ulianguka miguuni pangu."

"Ungeuacha palepale, ningedhani umeanguka naye. Nisingekuita hapa."

Elyor alimtazama kama vile hakuelewa. "Mkate hauachwi chini, afande."

Inspekta alikohoa muda mrefu, akaweka kalamu chini. Naye alilelewa na watu waliookota mkate chini wakaubusu.

"Nisikilize," akasema kwa sauti ndogo. "Jeraha linaonyesha ajali. Rauf analala kwake leo. Na wewe utalala kwako, kama bibi alikata roho palepale. Alikata roho palepale, sivyo?"

Elyor alikalia mikono yake. Alivikumbuka vitanda vya chuma vya kule shuleni, na mvulana wa kitanda cha juu aliyemtisha, na taa isiyozimwa.

"Sivyo."

"Fikiri kwanza, kijana."

"Aliniita. Mara mbili, kwa jina langu. Ningeita watu, labda angepona. Nikawaza, wakinikuta humu na hereni zake, narudishwa. Nikaruka ukuta yeye bado ananiita."

"Ukishasema hivyo, siwezi kukusaidia."

"Najua. Naogopa sana, afande." Alikuwa analia sasa, wala hakujifuta. "Andika tu. Andika alikuwa hai."

Turobov akaokota kalamu, akaandika.