Picha Iliyosimamisha Kazi ya Viyoyozi

Walisema mume wangu kashikwa. Jirani yangu Mwanamina, muuza kamba na samaki, ndiye aliyeniletea maneno hayo Jumatatu asubuhi, nikiwa nachota maji bombani.

"Pole, Mama Sikudhani," akaniambia. "Tunasikia Baba Sikudhani yuko ndani."

Nikamwambia mume wangu katoka nyumbani alfajiri hii hii, kanywa chai na muhogo mbele yangu. Mwanamina akatikisa kichwa kama anayemtazama mgonjwa.

"Leo siku ya nne simu yake haipatikani, dada. Friza yangu imekufa, kamba wananiozea, nampigia kutwa nzima. Mtu mzima haipatikani simu yake mchana kutwa, atakuwa wapi kama si ndani?"

Mume wangu, Haidari, ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Kibiti. Kamba na samaki wanaoletwa kutoka visiwa vya delta hulala kwenye mafriza ambayo mengi kayafufua yeye. Siku zile alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Kampuni moja ilikuwa imeshinda zabuni ya kubadilisha viyoyozi vya jengo la serikali, lenye ukuta mrefu na walinzi, ikamchukua awe mmoja wa mafundi wake. Jengo lenyewe silitaji. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Kazi ya namna hiyo si kama kutengeneza friza ya Mwanamina. Kabla Haidari hajashika hata spana, jina lake na namba yake ya NIDA vilipelekwa kuhakikiwa. Waliopita waliandikwa kwenye orodha, wakapewa vitambulisho vya kuvaa shingoni, wakatia saini karatasi ya masharti. Simu zote zinabaki getini. Hakuna kupiga picha. Mambo ya ndani hayasimuliwi nje. Karatasi ile tulisomewa na binti yetu Sikudhani, wa darasa la sita, maana herufi zilikuwa ndogo na baba yake hana miwani.

Kwa hiyo nilikuwa najua kwa nini simu haipatikani. Nilijua kabisa. Lakini maneno yale yalishaniingia, na kila ilipofika saa sita nilimpigia, nikasikia yule dada wa mtandao akinijibu haipatikani, nikapiga tena.

Saa sita hiyo hiyo Sikudhani alirudi kutoka shule kula, kisha akampelekea baba yake chakula. Hakuingia ndani. Alikiacha kikapu getini kwa mlinzi, Mzee Bwanaheri, mtu wa Nyamwage, mwingi wa utani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kikapu kinanukia nini leo?"

"Wali na samaki wa nazi."

"Basi ujue hili geti halijala tangu asubuhi. Likikasirika halifunguki."

Sikudhani alicheka, akampa kipande cha samaki nilichomwekea pembeni.

Huko shuleni hakukuwa na kicheko. Sufiani, anayekaa dawati la nyuma yake, alimwambia mbele ya darasa zima, "Ukimpelekea baba yako wali, mpelekee na shuka. Sakafu ya kule ina baridi!" Watoto wakaangua kicheko. Mwanangu akarudi nyumbani macho yamemvimba.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku ya Jumatano niliiweka simu yangu ndani ya kikapu, chini ya kitambaa cha kufunikia chakula.

"Mchungulie baba yako," nikamwambia. "Ukimwona, mpige picha moja tu, roho yangu itulie."

"Mama, karatasi imekataza."

"Karatasi kasaini baba yako. Wewe hukusaini."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Siku hiyo lori la mitambo mipya lilifika muda ule ule. Geti likafunguliwa wazi. Mzee Bwanaheri akageuka kumkagua dereva na kuandika namba za lori kwenye daftari lake. Akiwa pale pale getini, Sikudhani akamwona baba yake ndani, juu ya ngazi, akifungua kiyoyozi cha zamani ukutani. Akapiga picha. Nyuma ya Haidari zilionekana kamera za ulinzi, na mlango wa jengo uliokuwa wazi.

Nilipoiona picha ile nilifurahi mno. Nikaenda kumwonyesha Mwanamina. "Nitumie, niwanyamazishe wambea," akasema, nami nikamtumia. Sikudhani naye akaiweka kwenye status yangu, akaandika: "Baba yangu yuko kazini, hajashikwa." Kufika alasiri, picha ilikuwa kwenye kundi la wauza samaki, kutoka Kibiti mpaka Utete.

Haidari hakuiona. Yeye anatumia kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu.

Kesho yake alirudi nyumbani mchana, jua la utosi. Alikaa barazani bila kuvua viatu.

"Kazi imesimama," akasema. "Kuna picha inazunguka. Viyoyozi vya zamani tumeshaving'oa, vipya viko kwenye maboksi, watu wa ndani wanatoka jasho tu. Wanasema kapiga Mzee Bwanaheri, maana imepigwa kutoka getini. Kesho wanamwondoa."

Sikudhani alikuwa mlangoni na sare zake, anasubiri kikapu. Nikamvuta jikoni.

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Tutaifuta. Wakijua ni wewe, wanamkata baba yako kwenye orodha, na kazi ya serikali hapati tena."

"Na Babu Bwanaheri je, mama? Aondolewe kwa picha niliyopiga mimi?"

"Atapata kazi nyingine."

"Nikikutana naye njiani nitamwamkia vipi?"

Nikageukia kikapu, nikakifunika. Akanipita, akaenda barazani, akamweleza baba yake yote. Haidari aliinuka. Kisha akasema, "Twende. Na wewe, Mama Sikudhani, ichukue hiyo simu."

Tulimkuta Mzee Bwanaheri amekaa kwenye benchi la nje, daftari lake kashika mtu mwingine. Injinia Faudhia, msimamizi wa mkataba, akatoka kutusikiliza. Sikudhani akamwamkia, akasema kabla hajaulizwa.

"Picha nimepiga mimi. Babu alikuwa anakagua lori. Baba hakujua kitu."

"Na mimi ndiye niliyemtuma," nikasema.

Injinia hakugomba. Aliuliza saa ngapi, simu ipi, na tulimtumia nani. Akaingia ndani na simu yangu kuonana na mkuu wa ulinzi. Tulisubiri mpaka alasiri.

"Mngekaa kimya," alisema alipotoka, "ingebidi niwaondoe mafundi wote kumi na mmoja, uhakiki uanze upya. Labda miezi miwili. Sasa najua picha imetoka mkono gani na imepita wapi. Kamera zitahamishwa. Mzee Bwanaheri anarudi getini, ila lori likiingia geti lisiachwe wazi. Haidari, kitambulisho chako nakizuia siku saba. Mama, wewe na jirani yako mtamfuata kila mliyemtumia, mhakikishe amefuta."

Kisha akamgeukia Sikudhani. "Mtu mwenye nia mbaya akiiona picha ile, atajua mlango uko wapi na kamera zinatazama wapi. Baba yako tulimwamini na mlango huu, na tulipomwamini yeye tuliwaamini na nyinyi wa nyumbani kwake. Mlikosea. Lakini umesema kweli hata pale ilipoweza kumponza baba yako. Mafundi wenye moyo kama wako ndio ninaowataka kwenye orodha yangu."

Mzee Bwanaheri akasimama, akajikung'uta sare. "Geti limekusamehe, mjukuu wangu. Ila kesho linataka samaki wa mkiani. Vichwa limechoka."

Siku zile saba Haidari aliitengeneza friza ya Mwanamina, na Mwanamina akapita meza kwa meza sokoni akiwasimamia watu wafute picha. Siku ya nane mume wangu alivaa kitambulisho chake akaondoka. Saa sita nikampigia. Haipatikani. Nikaiweka simu chini, nikaendelea kukuna nazi.

Mambo ya kuepuka ni haya:

Usipige picha ya jengo la serikali lenye ulinzi, wala geti lake, hata kama aliye kwenye picha ni baba yako.

Usifiche simu kwenye kikapu.

Usimtumie picha mtu mmoja ukidhani itabaki kwake.

Usibebe maneno ya "tunasikia". Muulize aliyekuletea, kaona nini kwa macho yake?

Usimdadisi mzazi mambo ya ndani ya kazi aliyotia saini kuyatunza.

Usimwache mtu mwingine abebe kosa lako.

Na wewe mama mwenzangu, usimtume mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe kakwambia limekatazwa.