Viini Vingi, Chaji Haba

Kila asubuhi mpiga picha alitoka nyumbani na ofisi yake mgongoni: kamera, printa ndogo ya betri na kompyuta. Alizunguka shule kwa shule akitengeneza vitambulisho vya wanafunzi. Mtoto anakaa, anapigwa picha, kadi inatoka. Madarasa mengi hayakuwa na umeme, lakini kompyuta yake ilikaa na chaji.

Kisha kompyuta hiyo ikafa. Akaenda dukani na mdogo wake. Huyu mtaani wanamwita Jenerali, maana kutwa yuko vitani kwenye michezo ya kompyuta. Nchi alizoziteka hazihesabiki. Vyombo vya kuosha ndivyo vimemshinda.

"Dada, chukua hii! Ina viini kumi na sita!"

"Viini ndiyo nini?"

"Ndiyo ubongo wa mashine. Vikiwa vingi, haishindwi na kitu."

Dada akaamini. Nyumbani mashine ilichomekwa ukutani, ikafanya kazi upesi ajabu. Usiku Jenerali aliichezea, na alishinda vita vyote. Nyumba ikajaa furaha.

Furaha hiyo haikufika mbali. Dada alikwenda kwenye shule kubwa, ile iliyowalisha nusu ya mwaka. Watoto walipanga foleni juani. Darasa la kwanza likaisha vizuri. Katikati ya darasa la pili, kioo kikawa cheusi. Chaji imekwisha. Akatazama kuta zote nne. Soketi hakuna.

"Mama, watoto wanaungua jua," mwalimu mkuu akasema. Hakufoka, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nenda tu. Tutamwita mwingine."

Alirudi kwa miguu. Mashine ilikuwa nzito kama gunia, na chaja yake kama tofali. Alifika, akakaa sakafuni na viatu miguuni.

"Kuanzia leo mimi si mpiga picha," alisema. "Kamera naiuza."

"Dada, usikate tamaa..."

"Jenerali, nyamaza. Wewe na viini vyako."

Mlango ulikuwa wazi. Jirani yao, mwalimu wa kompyuta, alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akasimama.

"Hodi. Kuna msiba?"

"Upo, mwalimu," dada akajibu. "Marehemu ni kazi yangu."

Mwalimu akaweka ndoo chini. Akaiinua mashine, akaguna.

"Hii ni ya michezo. Nani kakushauri?"

Jenerali akaanza kukagua dari.

"Sikilizeni," mwalimu akasema. "Viini ni kama wapishi. Wapishi kumi na sita wakipika kwa nguvu, wanahitaji moto mkubwa. Huo moto ni umeme. Jiko nalo linapata joto, kwa hiyo mashine inawekewa feni kubwa na vyuma vya kulipoza. Ndiyo maana ni nzito. Tena ina kifaa kingine cha kuchora picha za michezo, nacho kinakula chaji. Kwa mtu anayecheza mezani, karibu na soketi, ni mashine nzuri kabisa. Lakini wewe, dada, unachemsha chai tu. Wapishi wachache wanakutosha."

"Basi tuchukue nyembamba yenye viini vilevile!" Jenerali akaruka. "Dada abebe, mimi nicheze."

"Utawaweka wapishi wote hao kwenye jiko dogo kama kabati? Watapata joto, na mashine itajipunguza kasi yenyewe isiungue. Mchezo utakwama, na chaji ya dada haitafika mbali vilevile. Nguvu, wepesi na chaji: ukivuta kimoja, kingine kinapungua. Anza na kazi. Uliza utaitumia wapi. Na ukiwa dukani, chomoa waya. Fanya kazi yako halisi kwa betri, uone chaji inavyoshuka. Nyinyi mliijaribu wapi?"

"Ukutani," dada akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Shule kubwa haingerudi kwa maelezo, hata yawe matamu namna gani.

Asubuhi Jenerali aliifuta michezo yake, mmoja mmoja. Akaibeba mashine mwenyewe hadi dukani, na njiani hakutania hata mara moja. Duka likakubali kuibadilisha. Walichukua nyepesi, yenye viini vichache na betri inayokaa na chaji. Dada aliijaribu bila waya, na kamera na printa zikiwa zimeunganishwa, hadi muuzaji akachoka kumtazama.

Shule kubwa haikupiga simu. Dada akaomba kazi kwingine, ikamjibu shule ndogo, ya vyumba vitatu na paa linalovuja. Dada alikwenda bila matumaini yoyote. Alipiga picha darasa la kwanza, la pili, la tatu. Kila mara jicho lake liliruka kwenye alama ya chaji. Mashine haikuzima.

Mtoto wa mwisho, kibogoyo wa meno ya mbele, akaipokea kadi yake. Akaitazama, mdomo ukamshuka.

"Anti, nimefumba macho."

Dada akaangalia kona ya kioo. Chaji ilikuwepo, tena ya kutosha.

"Rudi ukae, mwanangu," akasema. "Tunarudia."